Izabukuru: Kustaafu kulivyoingia Remera

Kabla mshahara wa mwezi haujaenea katika vilima vya Kigali, uzee haukuwa na tarehe ya kuanza, kwa kuwa mkulima aliliacha jembe kidogo kidogo kadiri nguvu zilivyompungukia, naye akatunzwa na watoto wake na, kama alikuwa nayo, mifugo yake. Dhana ya kustaafu ililetwa na ajira: amri ya Wabelgiji ya mwaka 1956 iliweka pensheni, yaani malipo ya kila mwezi baada ya kazi, kwa wafanyakazi wa Kongo na Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo), na mwaka 1962 Rwanda huru ikaunda mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ambao mwaka 2010 uliunganishwa na bima ya afya ya watumishi kuwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda (RSSB).

Wanyarwanda huuita wakati wa kustaafu ikiruhuko cy'izabukuru, mapumziko ya uzeeni, jina lenye upole kuliko hali yenyewe, kwani sheria ya mwaka 2015 humruhusu mtu kupumzika akiwa na miaka 60, humlazimu akifika 65, na humnyima pensheni ya kila mwezi asiyefikisha miaka 15 ya michango, ambaye hupewa malipo ya mkupuo. Katika Remera, mtaa wa Kigali wenye stendi ya mabasi, eneo la Kisimenti na Uwanja wa Amahoro, wengi wa wachuuzi na waendesha pikipiki wasio na mwajiri walibaki nje ya utaratibu huo, hadi Desemba 2018 ulipozinduliwa mpango wa akiba wa hiari uitwao Ejo Heza, maana yake kesho njema.