Robert Smalls: mwenye duka aliyeingia bungeni



Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kulipuka nchini Marekani, kijana mmoja wa bandari ya Charleston, jina lake Robert Smalls, alitaka kujua angelipa kiasi gani ili kumkomboa mke wake Hannah na binti yao mdogo. Jibu lilikuwa dola 800. Yeye alikuwa ameweka akiba ya dola 100 tu. Wala hakuwa mtu huru: bwana wake alikuwa amemkodisha mjini tangu umri wa miaka 12, akichukua mshahara wake na kumwachia dola moja kwa juma.

Ninaanzia kwenye hesabu hiyo kwa sababu baadaye mtu huyu alikuwa mfanyabiashara, na kutoka dukani akaenda kutunga sheria. Wengine wanaopita njia hiyo hujifunza bei za vitu sokoni. Yeye alijifunza akiwa mwenyewe miongoni mwa vitu vinavyouzwa.

Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839 mjini Beaufort, katika jimbo la South Carolina, nyuma ya nyumba ya familia ya McKee, ambamo mama yake Lydia alitumika kama mtumwa. Vita vilipoanza mwaka 1861, majimbo ya kusini, yaliyokuwa yamejitenga ili kuulinda utumwa, yalimweka kazini katika meli ya mvuke iitwayo Planter. Kazi yake ilikuwa ya rubani, lakini cheo hicho hakikutolewa kwa mtu mweusi; walimwita mshika usukani tu. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, maofisa weupe walikwenda kulala mjini. Smalls na watumwa wenzake wakaiondoa meli, wakawapakia wake na watoto wao, kisha wakapita mbele ya ngome zenye mizinga. Alivaa kofia ya majani ya nahodha, akatoa ishara zote alizozikariri, na ngome ya Fort Sumter ikamwacha apite kabla ya jua kuchomoza. Walipozikaribia manowari za kaskazini walipandisha shuka nyeupe. Watu 16 wakawa huru asubuhi ile.

Habari ya meli ndiyo inayosimuliwa zaidi, nami ninaiacha hapo, maana yaliyofuata yana maswali magumu zaidi.

Serikali ilimpa dola 1,500, sehemu yake katika thamani ya meli ile. Nyumba ya McKee ikauzwa kwa mnada kwa sababu kodi yake haikulipwa, na Smalls akainunua. Watu wa upande wa pili walimpeleka mahakamani, shauri likafika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, naye akashinda. Husimuliwa kwamba mke wa bwana wake wa zamani alirudi siku moja akiwa mzee aliyechanganyikiwa akili, akidhani nyumba ingali yake, na kwamba Smalls alimpokea akae.

Mwaka 1866 alifungua duka mjini Beaufort pamoja na Richard Howell Gleaves, mfanyabiashara mweusi kutoka Philadelphia. Wateja wao walikuwa watu waliotoka utumwani juzijuzi, wengi wao wakishika fedha yao wenyewe kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata alinunua jengo la ghorofa ili watoto weusi wapate shule. Tusilipite jambo hilo haraka. Sheria ya South Carolina ya mwaka 1834 ilikuwa imekataza kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika, na Smalls alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwa mwalimu aliyemlipa yeye mwenyewe.

Huko Marekani kila jimbo lina katiba yake na bunge lake. Baada ya vita, majimbo ya kusini yalilazimika kuandika katiba mpya, na wanaume weusi wakapiga kura. Mapema mwaka 1868 mkutano wa katiba ulikaa Charleston, mji uleule alimokodishwa akiwa mtoto, na wajumbe weusi walikuwa wengi kuliko weupe. Smalls alikuwa mmoja wao. Alileta hoja kwamba jimbo liwe na shule za umma, bila malipo, ambazo watoto wote wanalazimika kuhudhuria. Katiba ile ilifungua shule za umma kwa watoto wa rangi zote, ikafuta kifungo kwa sababu ya deni, ikaondoa sharti la kuwa na mali kwa mtu anayegombea cheo. Mwaka huohuo alichaguliwa kuingia katika Bunge la jimbo, na mwaka 1870 katika Baraza la Seneti la jimbo. Mtu ambaye familia yake ilikuwa na bei alisaidia kuandika kwamba kiti cha mtunga sheria hakina bei.

Hata hivyo alibaki mfanyabiashara, na hapa tuseme ukweli wote. Mwaka 1870 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya reli iliyovutwa na farasi mjini Charleston, Enterprise Railroad, iliyobeba mizigo na abiria kati ya gati na vituo vya bara. Wakurugenzi wake walikuwa weusi isipokuwa mmoja, jambo ambalo halijapata kuonekana huko. Lakini wengi wao walikuwa wanasiasa, na kibali cha kampuni kilitolewa na Bunge lilelile walimokaa. Wanaompenda Smalls huipita habari hii kimyakimya. Mimi naona afadhali isemwe: mtu anaweza kuwa shujaa na bado akakaa pande mbili za meza moja.

Upande gani ulishinda ndani yake? Jibu moja lilionekana mwaka 1876, kando ya mto Combahee. Wafanyakazi wa mashamba ya mpunga waligoma kwa sababu walilipwa kwa vipande vya karatasi ambavyo vilipokelewa katika maduka ya wenye mashamba tu. Mwenye duka alijua vizuri sana faida ya mpango kama huo kwa muuzaji. Smalls, wakati huo jenerali wa wanamgambo wa jimbo na tayari mjumbe wa Bunge la Marekani, alitumwa kutuliza hali. Aliwaendea wagomaji kwa maneno, na damu haikumwagika.

Kwingineko ilimwagika nyingi. Mwaka huohuo vikundi vya watu weupe wenye silaha, walioitwa Mashati Mekundu, vilizunguka jimbo zima kuwatisha wapiga kura weusi. Huko Hamburg, mwezi wa Julai, waliua watu. Mwaka 1877 askari wa serikali kuu waliondolewa, na wapinzani wakashika utawala. Ndipo Smalls aliposhtakiwa kwamba, alipokuwa katika Seneti ya jimbo, alipokea rushwa ya dola 5,000 katika shughuli ya kandarasi ya uchapaji. Shahidi mkuu alikuwa Josephus Woodruff, mtu wa uchapaji aliyekuwa mwenyewe na makosa ya fedha ya kujibu. Smalls alihukumiwa miaka mitatu. Mwaka 1879 gavana alimsamehe, katika mapatano ambayo kwa upande mwingine yaliwaondolea watu wa chama cha gavana mashtaka ya kuvuruga uchaguzi. Kwa macho yangu ushahidi ule ni dhaifu. Lakini msamaha wa namna hiyo haumsafishi mtu. Unalifunga faili tu, na shaka inabaki kwa aliye safi na kwa asiye safi.

Wananchi wa Beaufort walimrudisha katika Bunge la Marekani mara kadhaa hata hivyo. Mwaka 1895 jimbo liliitisha mkutano mwingine wa katiba, safari hii ili kuwanyang'anya weusi kura kwa masharti ya kusoma na ya mali. Wajumbe 160 walikaa. Weusi walikuwa sita, Smalls akiwa kati yao, naye alikuwa ameona mikutano yote miwili akiwa upande wa kutetea. Alisimama akapinga, akashindwa, na mwisho akakataa kutia sahihi yake.

Alikufa tarehe 23 Februari 1915 katika nyumba ileile ya Beaufort. Katiba ya 1895 ilikuwa bado inatawala. Shule za umma zilizoandikwa mwaka 1868 zilikuwemo ndani yake, ila zimegawanywa: za weupe huku, za weusi kule.