Mwari, Somo na Zahanati

Husikika mara kwa mara katika mabaraza ya wazazi neno hili: kwamba mambo ya unyumba na uzazi ni siri ya nyumbani, na kwamba mwuguzi ampaye kijana maarifa au dawa za mambo hayo pasipo idhini ya wazazi wake amewapokonya kazi waliyoifanya tangu kale. Neno hili si la kudharauliwa, wala walisemao si wajinga. Lakini ni dai la historia, na dai la historia hupimwa kwa historia.

Katika pwani yetu mzazi hakuwa mwalimu wa mambo hayo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandiko yake juu ya desturi za Waswahili yalipigwa chapa na Carl Velten mwaka 1903, ameeleza habari za unyago na za makungwi. Baina ya mama na binti ilisimama haya, na haya ile ilihesabiwa kuwa ni heshima. Binti alipovunja ungo hakufundwa na mamaye. Alitiwa mikononi mwa somo yake, naye ndiye aliyemwambia habari za hedhi, za usafi, na za kukaa na mume. Mvulana naye aliyapata yake jandoni. Kufunda ilikuwa kazi ya watu maalumu, na haishangazi kwamba katika shina hilo la maneno tumepata fundi, mafunzo na mwanafunzi.

Tena makungwi hawa hawakuwa lazima watu wa daraja ya juu. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameonyesha jinsi ngoma na mafunzo ya unyago mjini mle yalivyofungamana na wanawake wa asili ya utumwa, waliotoka bara. Basi mwungwana alikubali binti yake apokee elimu nyeti kuliko zote kwa mwanamke ambaye pengine asingeketi naye katika sahani moja. Unguja nako, Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana kwa ngoma za unyago kama alivyojulikana kwa taarab.

Huko kusini mwa Tanganyika wamisionari Waanglikana waliitambua nguvu ya mafunzo haya. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa Askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, hakulipiga marufuku jando bali alitaka kulitia katika Ukristo. Hata hapo lililobadilishwa lilikuwa mwalimu na maneno yake. Mzazi alibaki pale pale alipokuwa, nje ya ua.

Ikiwa ni hivyo, mzazi wa leo amepoteza nini hata akasirike? Kwa maoni yangu amepoteza haki ya kumchagua mwalimu. Somo alikuwa mtu wa kujulikana, shoga ya mama au jamaa wa ukoo, na akipotosha alikuwa na wa kumwuliza. Mwuguzi ni mgeni aliyeletwa na serikali, na kwa kanuni ya kazi yake huitunza siri ya kijana hata mbele ya wazee wake. Na jambo la pili ni zito zaidi. Unyago ulimwandaa mwari kwa ndoa iliyokuwa mlangoni. Skuli imetia miaka mingi baina ya kuvunja ungo na kuolewa, na kwa miaka hiyo somo hakuwa na fundisho ila moja tu: ngoja.

Zahanati iliingia katika pengo hilo polepole. Chama kilichokuja kuitwa UMATI kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 kwa ajili ya uzazi wa majira. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walitambuliwa Kagera, na kungoja kukawa na bei mpya. Mwongozo wa serikali wa mwaka 1994 ulisema kwamba huduma za uzazi wa majira ni haki ya kila aliyefikia umri wa kuzaa, vijana wakiwamo, awe na ndoa au asiwe nayo.

Sheria, hata hivyo, haikwenda njia moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya baba. Sheria ya ukimwi ya mwaka 2008 ilitaka idhini ya mzazi au mlezi kabla mtoto hajapimwa virusi. Baba, basi, alishika funguo za milango miwili, wa nyumba ya mume na wa maabara, na ule wa kwanza haukumtaka aulize lolote juu ya wa pili. Mwezi wa Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliithibitisha hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2016 kwamba vifungu vile vya ndoa vilipingana na Katiba. Na mwaka huo huo Bunge liliushusha umri wa kupimwa pasipo idhini ya mzazi hadi miaka 15.

Kupima ni jambo la dakika chache. Unyagoni mwari alizungukwa na wanawake waliokwisha kupita njia ile, wakamwimbia; katika benchi la zahanati huketi peke yake, akiomba jirani wa mamaye asitokee.