CustomPainter

CustomPainter ni klasi ya Flutter inayomwezesha msanidi programu kujichorea kwenye skrini ya simu vitu visivyopatikana katika wijeti zilizo tayari: grafu ya bei, kipimamwendo, saa ya mishale, kisanduku cha kutia sahihi. Flutter ni kiunzi cha Google cha kutengenezea programu kwa lugha ya Dart. Toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2018.

Flutter haiazimi vitufe vya Android wala vya iOS, bali huchora kila kitu yenyewe. Awali kazi hiyo ilifanywa na injini ya Skia. Vijiprogramu vya chipu ya michoro, viitwavyo sheda, vilikuwa vikiandaliwa wakati programu inatumika, na mwendo ukawa unakwama pale umbo jipya lilipoonekana mara ya kwanza. Impeller, iliyofanywa injini ya kawaida kwenye iOS mwaka 2023, huandaa sheda mapema, injini yenyewe inapojengwa.

Anayerithi klasi ya CustomPainter huandika mbinu mbili. Ya kwanza, paint, hupewa kanvasi na ukubwa wa eneo. Sifuri iko pembe ya juu kushoto, na y huongezeka kwenda chini, kinyume na grafu za shuleni. Tao nalo huanzia mahali ilipo 3 kwenye uso wa saa, na pembe zake hupimwa kwa radiani. Ndiyo maana mchora saa hulazimika kuondoa robo ya mzunguko ili 12 ikae juu.

Ya pili, shouldRepaint, hulinganisha mchoraji mpya na wa zamani na kuamua kama mchoro urudiwe. Wengi hujibu true daima. Uvivu huo hulipiwa na betri. Kwenye skrini ya fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16 hivi tu. Mchoro unaotembea ni heri uunganishwe na uhuishaji kupitia kigezo cha repaint, kisha utengwe kwa RepaintBoundary usivichoshe vilivyo jirani.

Kanvasi haikati kinachovuka mipaka yake. Wino humwagikia wijeti za pembeni mpaka msanidi aite clipRect. Kubwa zaidi, visoma-skrini vya wasioona havitambui kilichochorwa humo hadi maelezo yaongezwe kwa semanticsBuilder au wijeti ya Semantics. Grafu isiyo na maelezo hayo ni kazi ambayo haijakamilika, hata ikipendeza namna gani.