V. Y. Mudimbe, Mwana wa Likasi

Likasi, mji wa jimbo la Katanga, nchini Kongo, ulioitwa Jadotville katika zama za Wabelgiji, ulisimama juu ya madini: shaba ya Kambove, viwanda vya Panda na Shituru, na, kwa jirani yake Shinkolobwe, urani ambayo sehemu kubwa ya bomu lililoteketeza Hiroshima mwaka 1945 ilitokana nayo. Kampuni ya Union Minière, iliyoasisiwa mwaka 1906, ilikusanya watu wa makabila mengi, ikawajengea kambi na kuwapimia posho. Serikali ikashika sheria. Wamisionari Wabenediktini wakashika shule na ibada. Hata mtoto wa mji ule akawa maisha yake yamekwisha kupangwa na mamlaka tatu kabla hajajua kusoma.

Humo ndimo alimozaliwa, tarehe 8 Desemba 1941, Valentin-Yves Mudimbe. Wabenediktini walimpokea seminarini angali mtoto, na alipofika ujana akaingia monasteri ya Gihindamuyaga, nchini Rwanda; lakini nadhiri ya utawa hakuifikisha mwisho, akageukia elimu ya dunia, akasoma chuo kikuu cha Lovanium, kisha akapata shahada ya udaktari huko Louvain, Ubelgiji, mwaka 1970, akarejea kufundisha chuo kikuu cha Lubumbashi. Rais Mobutu, aliyeipa Kongo jina la Zaire, alipoamuru majina ya Kikristo yaachwe, akawa Vumbi Yoka, herufi zake mbili za mwanzo zikabaki zilezile.

Riwaya zake, alizoziandika kwa Kifaransa, zinadhihirisha nafsi iliyolelewa katika utii na kuupima utii huo bila huruma. Katika Entre les eaux ya mwaka 1973, kasisi Pierre Landu anaacha parokia na kuwafuata waasi wa Kimarx msituni, akitumaini kupata huko haki ambayo haikuwamo katika Kanisa, asiwe wa huku kamili wala wa kule. Katika Le Bel Immonde ya mwaka 1976, waziri na malaya wanafungamana katikati ya siasa ya hila na damu. Na katika L'Écart ya mwaka 1979, mwanahistoria Ahmed Nara anataka kuandika upya habari za watu wake, ilhali maarifa aliyofunzwa Ulaya yanamlemea hata akili.

Swali la Nara likawa swali la mwandishi mwenyewe. Baada ya kuihama Zaire ya Mobutu alifundisha Marekani, katika vyuo vya Haverford, Stanford na Duke, na mwaka 1988 akatoa The Invention of Africa, kitabu kilichobainisha jinsi mmisionari, mtawala na mwanaanthropolojia walivyoiumba Afrika katika maandishi yao, na jinsi Mwafrika msomi naye anavyojitazama aghalabu kwa kioo hichohicho. Alifariki Aprili 2025.

Wanaoihesabu Likasi kwa tani za shaba wanaipunja haki yake. Mamlaka tatu zilizoujenga mji ule zilitaka mafundi na waumini watiifu. Zikamlea, bila kukusudia, mtu aliyezidai hati za umiliki wa maarifa, na deni hilo lingali linarithiwa na kila msomi wa Kiafrika anayeshika kalamu.