Moli (kemia)

Moli (kifupi: mol) ni kizio cha SI cha kupimia kiasi cha dutu. Moli 1 ina chembe 6.02214076 × 10²³ kamili. Chembe hizo zinaweza kuwa atomi, molekuli, ioni au elektroni, na ni lazima zitajwe: "moli 1 ya oksijeni" haieleweki mpaka ijulikane kama ni atomi za O (gramu 16) au molekuli za O₂ (gramu 32).

Moli huhesabu idadi, haipimi uzito. Inafanana na dazeni (12) au korija (20), ambayo pwani ya Afrika Mashariki imetumika kuhesabia boriti za mikoko. Korija ya boriti na korija ya fito hazilingani uzito, lakini idadi ni ileile. Vivyo hivyo moli 1 ya kaboni ni gramu 12, na moli 1 ya chuma ni takriban gramu 56.

Historia

Idadi hiyo huitwa namba ya Avogadro kwa heshima ya Mwitalia Amedeo Avogadro (1776–1856), ingawa yeye mwenyewe hakuikokotoa. Jina hilo lilipendekezwa na Mfaransa Jean Perrin mwaka 1909. Moli iliingizwa katika SI mwaka 1971, ikifafanuliwa kwa idadi ya atomi katika gramu 12 za kaboni-12. Tangu tarehe 20 Mei 2019 inafafanuliwa kwa idadi yenyewe.

Matumizi: uchomaji wa chokaa

Atomi hazihesabiki kwa mkono, hivyo hupimwa kwa mizani. Idadi ya moli (n) hupatikana kwa kugawa masi (m) kwa masi ya moli moja (M): n = m/M.

Katika miji ya pwani kama Kilwa na Lamu, chokaa ya kujengea ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, ambayo kwa sehemu kubwa ni kabonati ya kalisi:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Moli 1 ya CaCO₃ ni 40 + 12 + (3 × 16) = gramu 100. Inatoa gramu 56 za chokaa na gramu 44 za gesi. Kwa hiyo kilo 100 za kabonati safi hubakiza kilo 56 tu tanurini. Nyingine zimepaa hewani.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Mlinganyo CaO + H₂O → Ca(OH)₂ husomwa kana kwamba gramu 1 ya chokaa huhitaji gramu 1 ya maji. Uwiano wa 1 kwa 1 ni wa moli: gramu 56 za chokaa huungana na gramu 18 za maji kutoa gramu 74. Kilo 56 zilizotoka tanurini zingehitaji takriban lita 18 za maji, lakini kwa vitendo huongezwa zaidi, kwa sababu chokaa hutoa joto kali inapozimwa na sehemu ya maji hugeuka mvuke.