Charles Mondo na hesabu ya moyo: kutoka Kasese hadi majarida ya dunia

Katika kumbukumbu za utafiti wa moyo barani Afrika, jina la Charles Mondo, daktari bingwa wa maradhi ya moyo nchini Uganda, linaonekana katika makala za namna mbili. Zipo zilizoandikwa na watafiti wengi kutoka mataifa mbalimbali, ambazo hunukuliwa kote duniani. Na ipo iliyohusu wilaya moja tu, Kasese, chini ya milima ya Rwenzori.

Makala ya Kasese ilichapishwa mwaka 2013 katika jarida la Cardiovascular Journal of Africa, Mondo akiwa mwandishi wa kwanza. Yeye na wenzake walifuata utaratibu wa hatua tatu wa Shirika la Afya Duniani, WHO: kuwahoji watu kuhusu mwenendo wa maisha yao, kuwapima shinikizo la damu, uzito na kimo, kisha kuchunguza damu yao. Walibaini kuwa zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na shinikizo la juu la damu. Matokeo hayo yalikuwa mazito kwa wilaya ya wakulima, wavuvi na wachimba chumvi wa Ziwa Katwe, kwani maradhi hayo yamezoeleka kuhesabiwa kuwa ya matajiri wa mijini.

Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu husukuma nayo kuta za mishipa. Likidumu kufikia 140 kwa 90 au zaidi, moyo hulazimika kufanya kazi kupita kiasi, misuli yake hunenepa na hatimaye huchoka. Chumvi nyingi huufanya mwili uzuie maji na kuongeza mzigo huo. Ndiyo sababu WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku.

Mwisho wa safari hiyo ulionekana katika utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012, Mondo akiwa miongoni mwa waandishi. Ulifuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi katika hospitali 12 za nchi 9 za Afrika. Kwa takriban asilimia 45 yao, chanzo kilikuwa shinikizo la damu. Mondo alishiriki pia katika utafiti wa REMEDY wa mwaka 2015, uliohusu wagonjwa 3,343 wenye maradhi ya moyo yatokanayo na homa ya baridi yabisi, katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen.

Uzito wa mtafiti hupimwa mara nyingi kwa idadi ya makala zake na mara ambazo wenzake wamezinukuu. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo cha h: mwenye h ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10. Kipimo hiki ni rahisi, lakini kina upungufu. Hakitofautishi mwandishi aliyeongoza kazi na aliyekuwa mmoja wa wengi. Aidha, utafiti wa nchi nyingi hupata wasomaji wengi wa kuunukuu, ilhali ule wa wilaya moja huwafaa zaidi wenye wilaya yao.

Hata hivyo, kazi ya wilaya huweza kutangulia ya taifa. Uchunguzi wa kwanza wa kitaifa wa Uganda kuhusu viashiria vya maradhi yasiyoambukiza ulifanyika mwaka 2014, baada ya ule wa Kasese kuchapishwa. Ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kati yao ni asilimia 7.7 tu waliojua hali zao.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayoigusa zaidi Bwera, mji ulio jirani na mpaka wa Mpondwe. Maradhi haya kwa kawaida hayaumi wala hayana dalili. Hujulikana kwa kupimwa. Manukuu yanaeleza ni wanasayansi wangapi waliosoma makala fulani. Faida yake kwa Kasese itahesabiwa kwa idadi ya wakazi waliopimwa, wakajua, wakaanza matibabu kabla moyo haujachoka.