Upasuaji wa Matundu Madogo kwa Mbano wa Bega

Mbano wa bega ni maumivu yanayotokea pale kano za bega zinapobanwa kati ya kichwa cha mfupa wa mkono na akromioni, yaani ncha ya kombe la bega iliyotanda juu ya kiungo kama paa. Katikati mna nafasi nyembamba yenye kano hizo na kifuko cha ute kinachopunguza msuguano. Kano au kifuko kikivimba, au kimea cha mfupa kikichomoza chini ya akromioni, nafasi hiyo hupungua. Mgonjwa huumia anapoinua mkono kwa upande, hasa kati ya nyuzi 60 na 120, na usiku hawezi kulalia bega hilo.

Katika Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, kazi za kuchosha bega ni nyingi: kulima kwa jembe kwenye miteremko ya Rwenzori, kuchuma kahawa na pamba, kupakia mizigo mpakani Mpondwe, jirani na Bwera. Kazi za namna hiyo huchangia mbano, na umri nao hudhoofisha kano. Hospitali ya Bwera huwahudumia pia wagonjwa wanaovuka kutoka mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku. Mgonjwa kama huyo anastahili kuelezwa tiba kwa jina analolielewa kabla hajatoa ridhaa.

Tiba mojawapo ni upasuaji, ambao Kiingereza huulinganisha na tundu la ufunguo. Tafsiri ya neno kwa neno humpeleka msikilizaji kwenye mlango na kitasa, mbali na mwili wake. Jina lililozoeleka Tanzania, upasuaji wa matundu madogo, linafaa zaidi kwa sababu linataja kinachofanyika, na wingi wake ni wa kweli: begani hutobolewa matundu mawili au matatu, kila moja likiwa na upana wa kama sentimita moja. Hata hivyo jina hilo ni pana, kwani hutumika pia kwa upasuaji wa tumbo. Unaofanyika ndani ya kiungo huitwa athroskopia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kiungo na kutazama. Ule unaotibu mbano ni upanuzi wa nafasi chini ya akromioni.

Mgonjwa hupewa nusukaputi, au mkono wake hutiwa ganzi. Daktari huingiza kamera nyembamba kupitia tundu moja, huku maji ya chumvi yakitanua kiungo na picha ikionekana kwenye skrini. Kupitia tundu jingine huondoa kifuko kilichovimba na kusaga milimita chache za mfupa upande wa chini wa akromioni. Kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo, kisha hufanya mazoezi ya viungo kwa wiki kadhaa.

Charles Neer wa Marekani alieleza upasuaji wa wazi wa tatizo hili mwaka 1972, na mwaka 1987 Harvard Ellman akachapisha matokeo ya kuufanya kwa kamera. Ulienea sana hadi ulipopimwa kwa ukali zaidi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2018, wenye wagonjwa 313 kutoka hospitali 32, uliwalinganisha waliosagwa mfupa, waliotazamwa kwa kamera tu, na wasiopasuliwa. Kusaga mfupa hakukuzidi kutazama tu, na tofauti na wasiopasuliwa ilikuwa ndogo mno kuwa na maana kwa mgonjwa. Mwaka 2019 jopo la jarida la BMJ likashauri kwa mkazo upasuaji huo usifanywe kwa mbano wa kawaida.

Kwa mkazi wa Kasese, ambaye rufaa yake huelekea Fort Portal au Mulago, Kampala, hiyo ni habari njema. Tiba ya kwanza, yaani mazoezi ya kuimarisha misuli ya bega, dawa za maumivu na kuuepusha mkono na mizigo ya juu, haihitaji safari hiyo. Anayeshindwa ghafla kuinua mkono baada ya kuanguka, au mwenye homa na bega lililovimba, amwone daktari mara moja, kwa kuwa huo si mbano wa kawaida. Wengine waanze na mazoezi, na wayape miezi kadhaa kabla ya kufikiria kisu.